Mzee Bado Aingia Majini

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kupuliza filimbi, kuinua mkono na kuwakera wazazi wa waogeleaji, mwamuzi mkuu wa bwawa letu anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Wengi mnamjua kwa jina la Mzee Bado. Ukimuuliza kama mbio zinaanza, bado. Kama matokeo yametoka, bado. Kama chai ya waamuzi imeletwa, hapo utakuta imeshaletwa na yeye yuko kikombe cha pili.

Mwandishi wa makala hii ni mpima muda wa njia ya nne, na amekaa na mzee huyu ukingoni mwa bwawa hadi anamtambua kwa kikohozi. Kamati ilimwomba aandike mambo ya heshima tu. Ya heshima yapo, lakini na mengine yatapenya, kwa kuwa Mzee Bado mwenyewe ametoa ruhusa mbele ya watu: yasemwe yote, pamoja na lile moja alilolificha karibu maisha yake yote ya kazi. Basi tuliseme mapema tupumue. Mwamuzi wetu mkuu wa mashindano ya kuogelea alikuwa hajui kuogelea.

Naam, mmesoma sawasawa. Kinyozi hajinyoi.

Alianza kazi hapa kama mkata tiketi. Siku moja ya mashindano mwanzishaji wa mbio alikaukwa na sauti kwa mafua, na vipaza sauti navyo vikagoma kama vilivyozoea. Meneja akakumbuka kwamba mlangoni kuna kijana ambaye akitangaza watu washike tiketi mkononi, husikika mpaka vyoo vya nyuma. Akaitwa mbio mbio, akapewa filimbi, akaonywa aseme maneno aliyofundishwa na asiongeze lake. Mbio zote zilianza salama siku hiyo, na mlangoni nusu ya mji iliingia bure. Akapelekwa mafunzoni, akafaulu, akapanda ngazi hadi akavaa nguo nyeupe za mwamuzi mkuu, ambazo mkewe, muuguzi, huzipiga pasi mpaka suruali inataka kusimama yenyewe.

Kwa haki, mzee huyu hana mchezo. Ambacho macho yako hayakukiona, hukukiona, na shaka yoyote ni mali ya mwogeleaji. Hivyo ndivyo alivyotufundisha sote. Lakini akishaona, ameona. Aliwahi kumwondoa mtoto wa meneja kwenye fainali, na Jumatatu yake akaingia ofisini kwa meneja huyo huyo kuomba likizo. Sisi tulikuwa tumeshaanza kumchangia pole. Alipewa likizo, tena na siku ya ziada.

Jambo ambalo waogeleaji wanampendea ni hili: mtoto akiondolewa hamwachi alie peke yake. Humfuata, huchuchumaa mpaka wawe sawa kwa kimo, humweleza kosa lake taratibu, kisha humwonyesha kwa mikono yake namna inavyotakiwa. Viwiko, viganja, kichwa, pumzi, vyote mahali pake. Hewani, jamani, hakuna aliyewahi kumshinda.

Majini ndiko kulikokuwa na kazi. Utotoni alitumbukia kwenye tangi la kiwanda alichofanyia kazi baba yake, na mjomba wake alipomtoa alikuwa ameshakunywa ya kutosha. Tangu hapo maji kwake yakawa ya kunywa na ya kuoga, tena ya ndoo. Sasa atawaambiaje watu? Mtu anayewaondoa wengine kwa kupiga mguu vibaya hawezi kusimama hadharani akakiri kwamba yeye kina cha kifuani kinamtetemesha. Akanyamaza, na kila mwaka ulioongezeka ukaifanya siri iwe nzito zaidi kuitoa.

Nusura imtoke yenyewe. Katika fainali moja ya wasichana, kabla hawajaruka, alirudi nyuma hatua apate kuwaona vizuri, akakanyaga kigae chenye maji, akaingia bwawani mzima mzima na nguo zake nyeupe na filimbi mdomoni. Filimbi ilipiga mara moja chini ya maji, ikanyamaza. Sisi tulicheka kwanza. Msichana wa njia ya kwanza ndiye aliyeona kwamba mzee hatanii, akajitupa, akamshika kwapani na kumtoa. Mzee Bado akakamua suruali, akashukuru kwa adabu, akawarudisha wasichana wote kwenye majukwaa ya kurukia. Walipojipanga upya, yule yule mwokozi wake akaruka kabla ya ishara. Mnadhani alimwachia? Thubutu! Alimwondoa huku maji yakimchuruzika masikioni. Sisi wengine akatuambia viatu ndivyo vilivyomlemea, nasi tukaamini, maana viatu vyake kweli ni vizito.

Msichana yule hakudanganyika, lakini alimsitiri. Leo ni mwalimu wa kuogelea hapa hapa kwetu, na hakuwahi kulitamka jambo lile hata kwa mzaha.

Aliyelipasua jipu ni mjukuu. Mapema mwaka huu, binti wa Mzee Bado alimleta mwanawe wa kike kwenye bwawa dogo, na mtoto akataka aingie na babu. Babu akasema ana mafua. Wiki iliyofuata akasema mgongo. Ya tatu akasema ameisahau kaptula, na mtoto akaitoa kaptula kwenye mfuko wa bibi yake. Mzee akabaki anaangalia saa. Mjukuu hakulia wala hakununa. Alimshika mkono babu yake akamwambia asiogope, yeye atamshika. Mzee Bado anasema katika kazi yake yote ametukanwa na wazazi wa kila aina, lakini hakuna neno lililomwingia kama lile.

Nyumbani mkewe hakumbembeleza. Alimkumbusha kwamba mficha uchi hazai, na kwamba akistaafu bila kuingia majini atakuwa anamsindikiza mjukuu wake bwawani na kukaa kwenye benchi kama mwenye mafua ya kudumu. Basi mzee akamwendea mwalimu yule, akaomba kufundishwa kabla hajastaafu. Mwalimu alimwambia tu alete taulo.

Alifundishwa pamoja na darasa la watoto, kwa sababu mwalimu alikataa kumpa saa ya peke yake. Alisema akijificha tena hatajifunza. Ndipo nasi tukajua. Acha kabisa! Mwamuzi mkuu kashika ukingo, anapiga miguu, upande wake wa kulia kibogoyo wa chekechea anamwelekeza jinsi ya kutoa mapovu. Siku za kwanza uso wake ulikuwa wa kijivu na mikono haikutaka kuachia ukingo, na aliyekuwa na hamu ya kucheka ilimwisha. Alikuwa anaogopa kweli, na alikuwa anarudi kila mara. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Jumamosi iliyopita, katikati ya mashindano ya kufunga msimu, Mzee Bado aliogelea upana wote wa bwawa kubwa, peke yake, kwa mtindo wa chura, mbele ya umma. Kabla ya hapo aliweka sharti: yawe mashindano kamili, na mwanzishaji, wapima muda na mwamuzi wa kumtazama anapogusa ukuta. Mkileta mzaha siingii, alituambia. Mwalimu wake alitembea ukingoni sambamba naye, ameshika mti wa kuokolea, midomo ikihesabu pumzi zake. Mkewe alisimama juu ya benchi, jambo ambalo kanuni zetu zinakataza, na hakuna aliyethubutu kumwambia ashuke.

Alianza vizuri. Katikati akameza maji, akakohoa, akaacha kupiga miguu. Mwalimu akaushusha mti. Mzee akautazama mti, akautikisia kichwa, akaendelea. Loo, kelele zile! Muda wake mwandishi anao kwenye saa na hautaji, kwa heshima ya familia. Alifika ukutani, akaunyakua kwa mkono wa kulia, akaning'inia hapo akihema na kucheka.

Kisha mkono mwingine ukainuka. Alikuwa mwamuzi wetu mpya, dada mpole ambaye siku za kazi ni fundi cherehani, na ambaye Mzee Bado mwenyewe amemfunza mwaka huu. Mtindo wa chura unataka mikono miwili iguse ukuta kwa pamoja. Mzee aligusa kwa mmoja. Dada alikuwa ameona, mkono wake uko hewani, na machozi yanamtoka. Watu wakamjia juu. Mmoja akamuuliza kama ana roho kweli. Hata mwandishi huyu alimkonyeza aushushe, na hakuushusha.

Mzee Bado akauliza kuna nini. Akaambiwa. Akautazama mkono wake wa kulia, kisha wa kushoto uliokuwa umebaki nyuma, akacheka mpaka akameza maji mara ya pili. Akamwita yule dada, akampa mkono kutoka majini, akasema tusikie wote kwamba kama angemwachia, yeye angekwenda nyumbani akijua kwamba hakumfundisha mtu yeyote chochote. Kikombe tulichokuwa tumemwandalia akakikataa. Aliyeondolewa hapewi kikombe, alisema, kipelekeni chumba cha waamuzi mtilie sukari.

Sisi tukaendelea kubishana pale ukingoni kama inafaa arudie. Hatukumwona mjukuu akivua kandambili. Tulichosikia ni mama yake akipiga kelele, na tulipogeuka, mtoto alikuwa ameshajirusha. Mzee Bado, aliyekuwa amesimama kwenye kina cha kifuani, aliachia ukuta kwa mikono yote miwili akamdaka.

Mzee wetu, umetufunza kuona, na kusema tulichokiona hata kama sauti inatetemeka. Kwa hilo tunakushukuru wewe, pamoja na mama aliyetuazima mumewe kila Jumamosi kwa miaka yote hii. Ustaafu wako uwe mrefu na wenye afya, na maji yakukubali. Njia ya kwanza ni yako na mjukuu wako kila asubuhi, na mlangoni hakuna atakayekudai tiketi.