Othmar Ndunguru, Aliyeziamsha Pikipiki Zetu kwa Miaka Thelathini na Minne

Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, Ndugu Othmar Ndunguru, fundi mkuu wa karakana yetu ya pikipiki za huduma ya afya ya mkoba vijijini, hapa hospitalini Mbinga, anakabidhi funguo na kustaafu kwa mujibu wa sheria. Ametumikia miaka thelathini na minne na miezi minne. Hakuna muuguzi aliyepeleka chanjo Mpepai au dawa Chiwanda katika miaka hiyo ambaye hakupanda chombo kilichopita mikononi mwake.

Aliajiriwa tarehe 1 Machi 1991 akiwa msaidizi wa marehemu Fundi Urbani. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuosha matope. Mwezi wa nne Fundi Urbani alimpa plagi iliyotoka kwenye injini akamwambia ainuse. Akanusa. Akaambiwa ainuse tena. Hapo ndipo alipojifunza kanuni aliyoifundisha kwa wote waliokuja baada yake: plagi ikitoka imelowa, injini imezama, ikitoka kavu, injini ina njaa, na mtu asiyejua tofauti hiyo asiguse spana.

Kanuni yake nyingine ilikuwa kiki tano. Ukipiga kiki tano pikipiki isiwake, shuka, utafute sababu. Dereva aliyepiga ya sita aliitiwa kutoka upande wa pili wa uwanja: "Wewe, unampiga nani? Amekukosea nini?" Huku milimani, Juni na Julai, kabureta huamka na baridi kama sisi, na Mzee Othmar alikuwa na tabia ya kuisemesha pikipiki kwa Kimatengo huku akifungua bakuli la kabureta. Wafanyakazi waliohamia kutoka mikoa mingine walidhani anasali. Mganga mmoja mgeni alivua kofia na kusubiri amalize.

Lakini anayetaka kumjua Othmar Ndunguru ni lazima aijue asubuhi ya Jumanne, tarehe 11 Julai 2017.

Saa kumi na mbili na dakika tano simu iliingia kutoka kituo cha afya cha upande wa Namswea. Mama mmoja aitwaye Ida alikuwa amejifungua alfajiri na damu haikati. Walihitaji chupa mbili za damu, upesi. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda Songea na mgonjwa mwingine. Pikipiki zote zilikuwa vijijini kwa wiki ya chanjo, isipokuwa Namba Saba, iliyokuwa imepanda jioni ya jana yake kutoka mwambao wa ziwa. Mlinzi alitumwa mbio stendi kutafuta bodaboda, ila kwa baridi ile hakukuwa na dalili ya mtu barabarani.

Dereva Aidan aliweka choki, ile inayoziba hewa ili injini ya baridi ipate mafuta zaidi, akapiga kiki. Kimya. Muuguzi Devotha alisimama kando yake, kisanduku cha baridi chenye damu kifuani. Mzee Othmar alipofika, saa kumi na mbili na dakika kumi na saba, Aidan alikuwa amepiga kiki zaidi ya ishirini na jasho linamtoka katika umande.

"Shikamoo Mzee, imegoma. Tuisukume, mteremko si huu hapa?"

"Ikigoma kule chini, utaipandisha wewe? Nipe spana ya plagi."

Aliitoa plagi, akaufuta mkono wake kwanza, akainusa. Hapo Sista Devotha, ambaye kwa kawaida hapandishi sauti hata kwa wanafunzi, alishindwa kuvumilia.

"Fundi, kule mtu anatoka damu, wewe unanusa plagi!"

Plagi ilikuwa kavu. Baada ya kiki ishirini choki ikiwa imewekwa, ilipaswa kutoka imelowa chepechepe. Alilegeza skrubu ya bakuli la kabureta. Petroli ikatoka safi, bila tone la maji. Basi mafuta yalifika kwenye kabureta, ila injini haikuyapata. Alikisogeza kile kijiti cha choki juu, akakishusha, akakisogeza tena, akitega sikio.

"Aidan, hii choki inatudanganya. Kijiti kinacheza, ndani hamna kitu."

Wanaofanya kazi ziwani wanajua jambo lililokuwa limetokea. Kule joto ni la mwaka mzima, choki haina kazi, na dereva akiisahau bila kuishusha, pikipiki hunywa mafuta na kutoa moshi mweusi. Kwa hiyo madereva wa mwambao hukitoa kile kibati cha ndani kinachoziba hewa, wakaacha kijiti cha nje kama pambo. Placidi, dereva wetu wa Chiwanda, alikuwa amekitoa tangu Januari. Hakufanya uovu, kwake alikuwa ametengeneza. Ila huku juu, alfajiri ya Julai, ni sawa na kumtoa mtu kitandani bila blanketi.

Mzee Othmar alirudisha plagi, akang'oa mpira unaoleta hewa kutoka kwenye chujio, na mdomo wa kabureta ukabaki wazi. Akauziba kwa kiganja chake, akiacha upenyo mwembamba kati ya vidole.

"Piga."

Kiki ya kwanza, kimya. Ya pili, ilikohoa. Ya tatu ikawaka, ikataka kufa, akabana kiganja, ikashika.

Sista Devotha alikwisha kukipakia kisanduku. "Si imewaka? Aende!"

"Bado."

"Bado nini, Fundi?"

"Nikitoa mkono sasa itazimika. Ikizimika kule mlimani, Aidan hana kiganja cha tatu."

Dakika hizo tatu za kusubiri injini ipate joto zilikuwa ndefu kuliko zote. Mzee Othmar alikuwa amepiga goti kwenye changarawe, mkono umenyonywa na kabureta hadi ngozi ya kiganja ikawa na duara jekundu, na kila alipolegeza kidole kimoja alisikiliza kama mlio umeshuka. Alipotoa mkono wote na injini ikaendelea, alirudisha mpira, akamgonga Aidan begani. "Usiizime njiani hata kwa salamu ya askofu." Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika thelathini na moja.

Alipoinuka hakwenda kunywa chai. Alikwenda kwenye daftari la karakana. Jana yake, saa kumi na moja na nusu jioni, Placidi alipoingia na Namba Saba, Mzee Othmar aliipiga kiki moja tu ikawaka, naye akaandika: "Nzima. O.N." Ilikuwa imetoka kupanda milima kutwa nzima. Injini ilikuwa ya moto, na injini ya moto huwaka bila choki yoyote. Chini ya maneno yale aliandika: "Si kweli. Niliipima ikiwa moto. Kosa ni langu. Damu imechelewa." Kisha akakaa kwenye benchi akiitazama simu ya ofisi.

Saa mbili kasoro dakika kumi tulipigiwa kwamba Aidan amefika. Kuhusu mama, hawakuwa na la kusema. Saa tatu, bado. Wagonjwa walifika dirishani, kazi zikaendelea, lakini kila simu ilipolia watu wote walinyamaza. Saa nne na robo ndipo Namswea walipopiga: damu imekata, mama amefumbua macho, ameuliza mtoto yuko wapi. Sista Devotha alilia. Mzee Othmar alisema, "Haya," akaenda kuosha mikono, na hakurudi kwa muda.

Ijumaa ya wiki hiyo, kwenye kikao, tulijiandaa kumpongeza. Yeye alisimama na daftari, akasoma mistari yake yote miwili, ule wa "Nzima" na ule uliofuata, akaomba uamuzi mmoja: pikipiki yoyote inayopanda kutoka ziwani isisainiwe jioni. Ilale kwanza, ipate baridi ya hapa, na iwashwe alfajiri kabla ya chai. Hapo ndipo isainiwe. Mtu aliuliza kama hilo halitachelewesha kazi. Alijibu, "Litachelewesha usiku mmoja." Uamuzi ulipita. Tangu siku ile hadi leo, hatujapata tena safari ya dharura iliyokwamishwa na pikipiki isiyotaka kuamka. Kwa miaka hiyo hiyo amefundisha mafundi kumi na mmoja, watatu kati yao wapo mwambao, na vibati vya choki sasa vinakaa mahali pake hata Chiwanda. Placidi mwenyewe hukagua.

Ida alikuja karakana tarehe 14 Septemba mwaka huo, saa nane mchana, mtoto mgongoni, kushukuru. Wote tulitoka kumlaki. Mzee Othmar alimsalimu, akamwambia mbele yetu sote, "Mama, usinishukuru kabla hujajua. Ile pikipiki mimi ndiye niliyeipitisha ikiwa mbovu. Mimi ndiye niliyekuchelewesha."

Ida alimtazama, akaitazama Namba Saba iliyokuwa imeegeshwa ukutani.

"Na sasa inawaka?"

"Inawaka."

"Iwashe basi nione."

Mtu mwingine angepiga kiki na kumaliza mambo. Mzee Othmar alishika injini kwa mkono, akatikisa kichwa.

"Imetoka safari sasa hivi, bado ina moto. Haitakuambia ukweli. Njoo kesho asubuhi."

Tulidhani mama wa watu ameudhika. Keshoye, saa kumi na mbili na nusu, ukungu haujainuka, Ida alikuwa langoni. Alikuwa amelala kwa dada yake mjini ili aje. Mzee Othmar alimwomba aishike injini kwanza ahakikishe ni baridi. Akaishika. Mzee akaweka choki, akapiga kiki ya kwanza, ikakohoa. Akapiga ya pili, ikawaka, na mtoto akashtuka mgongoni, akaanza kulia kwa sauti kubwa.

Ida alicheka. "Haya, Baba. Sasa nakushukuru."

Huyo ndiye mtu anayetuaga, anayerudi Mpepai kwenye kahawa yake na kwa mama watoto aliyemvumilia na harufu ya petroli. Mzee Othmar, asante kwa kila ulichokitengeneza, na asante zaidi kwa mstari ule ulioandika chini ya jina lako. Tunakuombea afya, mavuno mazuri, na asubuhi nyingi za baridi ambazo hakuna atakayekuja kukugongea mlango.