Fundi Herufi na N ya Getini

Babu yetu, ambaye mji mzima ulimwita Fundi Herufi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa mshona viatu na muuza mkaa. Alisoma hadi darasa la nne. Mwalimu alimchapa kwa kuchana kurasa za daftari, wala hakuuliza anazichania nini. Alikuwa anakata herufi na kuzikunja. A, M na T zilikunjika katikati kwa wima, nusu ikalala sawasawa juu ya mwenzake. B, D na E zilikubali kwa mlalo. N, S na Z zilikataa kukunjwa, ila ukizizungusha mpaka kichwa kije miguuni, zinabaki vilevile. F na R hazikutaka lolote. Aliziita wabishi.

Mwaka 1969 aliajiriwa kwenye karakana ya mabango. Alikata matundu ya herufi kwenye mabati, bati moja herufi moja. Bati likibanwa ukutani na kupigwa rangi, herufi inabaki ukutani. Uso wa kila bati aliukwaruza alama ya X pembeni, ili kila mtu ajue rangi inapigwa upande gani.

Tarehe 6 Agosti 1977 alimuoa bibi yetu, fundi cherehani. Wageni wakija aliwaambia, "Huyu mke wangu ni O. Mgeuze utakavyo, ni yuleyule."

Bibi alimjibu bila kuinua macho kwenye cherehani: "Na wewe ni R, baba watoto. Hukunjiki, huzunguki, na bado umeingia ndani na viatu vya rangi."

Baba mdogo alitaka hapa isomwe kwamba marehemu alistaafu mwaka 1998. Hakustaafu. Alifukuzwa, na mimi mjukuu wake sitasoma uongo mbele ya jeneza lake.

Jumatatu tarehe 9 Februari 1998 alimpeleka bibi kliniki. Aliacha mabati mapya aliyokata kwa ajili ya geti la shule, liandikwe KARIBUNI. Shemeji wa tajiri, mwenye karakana, ndiye aliyepiga rangi. N ikatoka kinyume, kama inayoonekana kwenye kioo. Wanafunzi wakacheka, mwalimu mkuu akaja juu. Tajiri hakumgusa shemeji yake. Alimwita babu mbele ya mafundi wote.

"Mzee, umezeeka. Bati la N umelikata kichwa chini."

"N haina kichwa chini, tajiri. Hebu lizungushe. Si ni N ileile? Hapa mtu amelilaza kifudifudi, akapiga rangi mgongoni."

"Usinifundishe kazi kwenye karakana yangu! Chukua bati lako uende."

Miaka ishirini na tisa ya kazi iliishia hapo, kwa kosa ambalo hata angetaka asingeweza kulifanya. Akabandikwa jina, fundi asiyeijua N, na kazi za maana zikamkimbia. Jana tu, wakati viti vinapangwa, nimemsikia mtu akisema, "Jamani, kwenye kibao cha kaburi waangalie N isije ikageuka." Wakacheka. Hapa hapa uani kwake.

Oktoba 2023 alipigwa na kiharusi upande wa kushoto. Mdomo ulikuwa umeenda upande, lakini alitania: "Sasa na mimi sikunjiki katikati." Alifariki Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa nne asubuhi, wodini, bibi akiwa amemshika mkono wa kulia.

Bati lile tumelitoa chini ya kitanda chake. Liko hapa mezani, kando ya picha. Upande wenye X ni msafi, haujaguswa na brashi. Rangi ya bluu ya lile geti iko mgongoni. Kwa miaka ishirini na saba hakuna aliyekuja kulitazama. Tajiri wake wa zamani, shikamoo. Umekaa safu ya pili, na kutoka hapo mpaka mezani ni hatua sita. Karibu, kabla hatujamfukia.

Marehemu ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa na dada mmoja. Fundi wetu apumzike salama. Na mwenye kubisha, bati hilo hapo, alizungushe.