Nani Amemutula Muzigo?

Mbele ya salon yangu ya kunyoa, pale barabara ya Musienene inapoingia Butembo, kuna benchi la mbao ya mkaratusi ambalo mguu wake wa nne ni tofali. Kila asubuhi, misa ikiisha, tunakaa hapo mpaka termosi ya Mariette, muuza kahawa wetu, ikauke. Luc tunamuita Prokireri, mwendesha mashtaka, maana alilinda mlango wa tribinali, yaani mahakama, miaka kumi na moja, akatoka na maneno yote ya ndani. Malachie ni Dokta Meno. Anachonga meno ya kubandika, na alipokimbia vita kule Mbau aliokoa vyombo vyake ndani ya kopo la maziwa. Mimi Jacob wananiita Diakoni. Si diakoni; napitisha kikapu cha sadaka tu. Lakini sijawahi kuwasahihisha, Mungu anisamehe, kwa sababu jina linanipendeza. Alhamisi ile Kambere, mtoto wa jirani ambaye sasa ni mwanaume mzima, alikuwa mwisho wa benchi, kwa kuwa ndipo waya wa panneau yangu ya umeme wa jua unapofika. Kompyuta ilikuwa juu ya magoti yake. Ndani ya kompyuta kulikuwa na kichwa cha mwanamke.

— Ba papa, muangalie. Munamujua huyu?

Tuliangalia. Kilikuwa kichwa kweli: ngozi na vitundu vyake, nyusi unywele kwa unywele, midomo iliyokauka kidogo. Kambere amejifunza kwa video, mwaka na nusu. Anaanza na mpira, sawa na mtu anayefinyanga udongo, anavuta pua, anasukuma macho ndani. Vichwa vyake vya kwanza vilifanana na viazi. Sasa watu fulani wa Kampala wanaotengeneza jeu, michezo ya kompyuta, wamemuomba kichwa cha mama wa miaka hamsini, kifike Jumamosi. Kikiwapendeza, watamchukua kazini.

— Huyu ni ule mama wa kuimba mu chorale ya Beni, akasema Luc.

— Hapana, ni wa pharmacie, akasema Malachie.

Kambere akainamisha macho.

— Ni mama yangu.

Mama Kahongya! Amekufa miaka minne. Alikuwa analeta maharagwe kutoka Musienene, na kila siku ya soko alipita mbele ya benchi hili hili.

— Lakini miye nilimuona! akasema Luc. Nilitaka tu kuwa na hakika.

— Hamukumujua, papa Luc. Donc sura imenikimbia.

Akatoa kadi ya elekta, ya kupigia kura, ya mama yake, picha pekee iliyobaki. Mama aliifunga ndani ya kitambaa, kifuani, akapanda nayo na kushuka nayo vilima vyote vile, na jasho lake mwenyewe likamfuta. Ilibaki kola ya blauzi na sikio moja.

— Kazi nitapata ingine, akasema Kambere. Mais kama hii sura haiko yake, sina tena fasi ya kumuona.

Hapo ilitupasa kusema hatujui. Hatukusema. Na wa kwanza kukosa nilikuwa mimi.

— Ongeza pua, nikasema. Miye nashikaka vichwa kila siku.

— Vya banaume, papa Jacob, akasema Mariette.

— Pua ni pua.

Kambere akavuta pua. Malachie akasogeza kikombe chake.

— Shida iko kwa taya. Ile machine ilitengenezwa na batu ba mikate. Mutu wa bugali ya muhogo, taya yake inajengwa sawa nyumba ya matofali. Panua.

Kambere akapanua. Luc akasimama, kama anavyosimama akitaka kuhukumu.

— Mbona masikio yake iko sawasawa hivi?

— Nafanya upande moja, papa, machine inakopi ule mungine. Sawa kioo.

— Donc ni nusu mutu! Umetuletea nusu ya mama mara mbili! Mu tribinali tungekufukuza. Shahidi moja hawezi kujihesabu babili.

— Miye naogopa kitu ingine, akasema Malachie kwa sauti ya chini. Mu jeu, batu banakufa na banafufuka, si vile? Mara tatu, mara kumi?

— Voilà! akasema Luc. Sura imejua itakufa mara mingi. Njo maana imejificha!

— Bwana wetu alifufuka mara moja, nikasema, na ilitosha.

Nilisema kama mtu anayehubiri. Nilikuwa najaza tu nafasi ya pale ambapo sura ya mama yule ilipaswa kuwa, kichwani mwangu.

Mariette akamgeukia Kambere.

— Mama Kahongya atapigana na nani, ule mama mupole?

— Hapigane na mutu, dada. Anauzisha maharagwe mu soko. Mwenye kucheza anapita, anamusalimia.

— Na anaitika?

— Anaitika.

Mariette akamuongezea kahawa bila kuombwa.

Hayo yangetutosha kunyamaza. Lakini Luc akataka masikio yashuke, na mimi nikataka nywele zirudi nyuma, na Malachie akarudia taya. Ilipofika saa tatu mama wa watu alikuwa na pua yangu, taya ya Malachie na masikio ya Luc, na alifanana na komanda wa barrière ya askari barabarani. Kambere akaondoa mikono juu ya kompyuta.

— Sasa hata miye simujue tena.

Hakulia. Alibonyeza tu ile batani ya kurudi nyuma, mara moja, mara mbili, mara nyingi. Masikio yakapanda, taya ikapungua, pua ikaingia, mpaka kikabaki kile kichwa alichokuja nacho asubuhi. Hakuna aliyemtazama usoni.

Wakati huo mama mmoja, wa wale wanaopita kila soko, akasimama mbele yetu, mfuko wa maharagwe mgongoni, kamba imepita juu ya paji la uso kama wabebavyo mama zetu wa milimani.

— Mwavukire, akatuamkia.

— Wavukire, mama, tukajibu, tukasogeza miguu apite.

Hakupita. Aliitazama kompyuta kwa chini ya kamba.

— Huyu mama wa mu machine, nani amemutula muzigo?

— Muzigo gani, mama? akasema Luc. Ni kichwa tu. Hana hata mabega.

— Naona. Mais anaangalia mbele. Siye ba kamba tunaangalia chini, na macho njo inapanda. Huyu, shingo imepumuzika. Njo nauliza: nani amemutula?

Mimi nikageuka, nikaona ukuta wa salon yangu, pale rangi ilipokwanguka kwa urefu wa mgongo wa mtu. Ni mama Kahongya aliyeikwangua. Alikuwa anaegemeza mfuko wake hapo ili apumue, na sisi tulimsogezea miguu. Huo ndio wema wote tuliomtendea. Tulijua kitambaa chake, kamba yake, viatu vyake vya plastiki. Uso wake, hapana. Na siku nyingine nilikuwa nimetoka kukomunia, ladha ya hostia bado mdomoni, na sikusimama.

— Ni miye, akasema Kambere.

Tukageuka.

— Ku nyumba, anafika, anasimama ku mulango, anasema: Kambere, kuya unitule. Namutula. Kiisha njo anainua kichwa, ananiangalia vile.

— Basi njo yeye, akasema yule mama. Ba papa hawa hawakumuonaka.

Akasogea karibu zaidi.

— Umesahau kitu kimoja tu. Alama ya kamba. Ile haitoke, hata bakikutula.

Kambere akakizima kile kioo chake cha kukopi upande wa pili. Akachora mfereji mdogo pajini, polepole kwa kidole, na upande wa kuume akaupandisha.

— Alikuwaka anavuta kamba huku, akasema, akicheka, na sasa machozi yalimtoka.

Mariette akainamisha termosi. Tone moja likaanguka. Kikombe chake mwenyewe kilikuwa bado kimejaa. Akakinyoosha kwa yule mama, kisha akasita, maana mikono yote miwili ya mama ilikuwa imeshika kamba.

Ndipo nilipoona. Muda wote ule alikuwa amesimama mbele ya wanaume watatu waliokaa, na mzigo wake mgongoni.

Nikasimama.

— Mama, nikutule.

Nikatia mikono chini ya mfuko. Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Luc akaja, Malachie akaja, watatu kwa mfuko mmoja, tukagongana kama watu wasioijua kazi. Kamba ikalegea. Akanyoosha shingo, akainua kichwa, akaniangalia.

— Wasingya, akanishukuru.

Miaka sita amepita mbele ya mlango wangu. Nikamuuliza anaitwa nani.

— Kyakimwa, akasema.