Yared Oswald na King'ora cha Mto Mkondoa

Marehemu Yared Oswald alizaliwa Kidete tarehe 14 Machi 1981, mtoto wa kwanza wa Mzee Oswald, mfanyakazi wa reli, na Mama Selestina. Nyumbani tulikuwa na taa moja ya chemli na watoto watatu wa shule. Mama alikataza kunyang'anyana: aliyemaliza ukurasa ampishe mwenzake. Yared ndiye alikuwa mgumu kupisha.

Alisoma Kidete, kisha sekondari Kilosa, na baadaye uhandisi wa kompyuta Dar es Salaam. Alifungua karakana Mikumi, akitengeneza simu kwa riziki na kuunda prosesa, ule ubongo wa kompyuta, kwa mapenzi. Alitaka prosesa moja ndogo ifanye kazi nyingi kwa zamu: kila kazi ikumbuke ilipoishia, kisha ipishe nyingine. Saa ya ndani, ya kuikatiza kwa nguvu kazi isiyopisha, hakuitaka. "Kazi yenye adabu hupisha yenyewe," alituambia, nasi tulicheka, maana tuliikumbuka ile chemli.

Tarehe 5 Septemba 2009 alifunga ndoa na Paulina katika Kanisa Anglikana, Kilosa. Walijaliwa binti, Natalia.

Kifaa chenye prosesa yake alikifunga Kidete kando ya Mto Mkondoa, kipime maji, kitume ujumbe wa simu na kupiga king'ora. Januari 2020 mto ulifurika, mtandao ukiwa umekatika. Kazi ya kutuma ujumbe ikakaa inasubiri jibu, haikupisha, na king'ora hakikupata zamu. Mama alikuwa bondeni anapalilia. Majirani walipomwita aliwajibu, "Tangulieni tu, mwanangu atanipigia king'ora." Hakurudi.

Tangu hapo Yared hakuambilika. Aliunda prosesa ya kubadili kazi haraka zaidi, kisha nyingine ya haraka kuliko hiyo. Lakini kasi haikuwa tatizo, na alijua. Ile saa hakuiweka kamwe. Kuiweka kungekuwa kukiri kwamba ilipaswa kuwepo siku ile. Iliniuma sana kumtazama.

Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua. Paulina akisema, "Baba Natalia, twende hospitali," alijibu, "Ngoja kwanza nimalize hapa." Alifariki Morogoro tarehe 6 Juni 2025, hajamaliza. Hakuna kati yetu anayeielewa kazi ile, na Kidete hadi leo haina king'ora.

Ameacha mjane Paulina, binti yake Natalia, baba yetu Mzee Oswald, na sisi wadogo zake, Urbanus na mimi Rebeka ninayewasomea wasifu huu.

Kaka, zamu yako imekwisha, na wa kuipokea hatuna. Pisha sasa, upumzike kwa amani.