Bi Hilaria Matayo, Vyura Sitini na Ndoo ya Bluu

Bi Hilaria Matayo anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya kukitumikia kituo chetu cha utafiti wa vyura hapa Ngombezi kwa miaka thelathini na minne. Kazi yote anayoijua nilimfundisha mimi.

Ofisi imesema karatasi hii itasomwa mbele yake, kwa hiyo nisahihishe mapema: sikumfundisha kitu. Yeye ndiye aliyenionyesha namna ya kumshika chura bila kumtegua mguu. Mimi ni mtu wa pampu, nimeishia darasa la tano, na nimeombwa kuandika kwa sababu wenye digrii wote walisema wana kazi nyingi.

Alizaliwa kwenye kambi za mkonge hapa hapa. Baba yake alikuwa mkataji. Aliajiriwa mwaka 1991 kulisha vyura wa majini, wale wenye kucha miguuni, kwenye matangi ya kioo. Chakula chao ni maini. Muuza nyama wa Korogwe, akimwona ananunua maini kila Jumatatu na Alhamisi, alimheshimu sana akidhani ameolewa na tajiri. Bi Hilaria hakumsahihisha kwa miaka sita.

Wageni wakiuliza kwa nini chura na si mbuzi, yeye ndiye aliyewajibu. Aliwaeleza kwamba yai la chura hukua nje, majini, ukaweza kuuona moyo ukianza kupiga kwenye hadubini bila kumpasua mama yake. Aliwaeleza pia kwamba zamani hospitalini mkojo wa mwanamke ulidungwa kwa chura wa aina hii, na chura akitaga siku ya pili, basi mwanamke ana mimba. Hapo wanaume wote huacha kucheka. Nimeshuhudia mara nyingi.

Mwaka 2010 akaja Dkt. Enock, mtaalamu wa hesabu. Huyu vyura wake walikuwa kwenye karatasi. Sikumwelewa mpaka Bi Hilaria aliponipangia punje za mahindi kwenye meza ya kantini. Kila punje ni chura aliyelala. Mmoja anaamka, anaruka ovyo, hana anakokwenda. Akimgusa aliyelala, naye anaamka, anaanza kuruka ovyo. Punde meza nzima iko macho, kama habari ya umbea inavyotembea kambini. Swali la wenye hesabu ni hili: pale alipoanzia yule wa kwanza, patarudiwa tena na tena bila mwisho, au patasahaulika?

Dkt. Enock alitaka kuona vyura wa kweli wanafanyaje. Tukakamata sitini kwenye dimbwi la pampu, kila mmoja akafungwa uzi wenye shanga moja kiunoni. Niliuliza kama tunafanya utafiti au tunafunda wari wa unyago. Bi Hilaria alinipa kazi ya kuosha matangi wiki nzima. Kisha tukawaachia pale pale, nao wakatawanyika kwenye madimbwi manane ya shamba la mkonge.

Sasa niseme lile ambalo ofisi hailijui. Mwaka 2012 vuli ilichelewa, na mahindi yangu nyuma ya pampu yalikuwa yanajikunja. Kwetu Kwamsisi chura akilia ndipo watu wanatafuta jembe. Nikajiambia, hawa wamelia kila mmoja kivyake, nani atawasikia? Wakilia pamoja huenda mvua ikageuza shingo. Kila asubuhi, siku tisa, nilizunguka madimbwi na ndoo yangu ya bluu, nikawarudisha wote pale pampu.

Mvua haikuja. Alikuja Dkt. Enock kuhesabu. Akakuta karibu shanga zote kwenye dimbwi la pampu, akakaa chini kwenye matope na suruali yake ya kupigwa pasi. Akasema vyura wamerudi nyumbani walikoanzia. Simu zikapigwa, mkutano ukapangwa Morogoro, na kwa mara ya kwanza jina la Bi Hilaria likaandikwa kwenye kazi ya kitaalamu. Alishona kitenge cha kusafiria.

Siku nne kabla ya safari alikuja pampuni kuazima ndoo. Ndani, kwenye tope lililokauka, akaona shanga. Aliniwekea kiganjani.

“Mzee Kibwana, hii ya nani?”

Nikasema ya mke mdogo. Hakucheka. Akakaa juu ya bomba akasubiri, na mtu akisubiriwa namna ile husema kweli.

Angeweza kunyamaza. Tulikuwa wawili tu tuliojua, na mmoja alikuwa mimi. Akaenda ofisini akaandika kwenye daftari, kwa wino: “Vyura walihamishwa na mtu kwa ndoo. Hesabu hizi zisitumike.” Hakuandika ni mtu gani. Angeandika, ningekuwa kwetu nachunga mbuzi tangu mwaka ule.

Safari ikafutwa. Dkt. Enock alikaa mpaka Pasaka bila kumsalimia. Kile kitenge Bi Hilaria alikivaa akisugua matangi, nami nikawa napita upande wa pili wa jengo.

Wakarudia kazi upya, misimu miwili, Bi Hilaria akitembea madimbwi manane kwa miguu. Safari hii shanga ishirini na tatu zilionekana tena pale pampu. Nyingine zilitawanyika, moja ilikutwa kantini chini ya gunia la unga. Kazi ilichapishwa mwaka 2015, na jina lake lipo, la tatu. Nilisomewa. Nikaomba nisomewe tena.

Sasa anahamia Kwedizinga kulima. Bi Hilaria, kituo kizima kinakushukuru, na mimi nina shukrani zangu za ziada ambazo umezijua peke yako miaka kumi na mitatu. Mungu akupe afya, mvua ya wakati wake, na majirani wasiogusa vitu vyako.

Limebaki jambo dogo. Siku ile ulichukua ndoo yangu, ukasema utairudisha kazi ikiisha. Kazi imeisha. Najua iko juu ya kabati la madaftari, na najua utaibeba ukihama. Usimpe mtu wa bodaboda airudishe. Iache ikae kwako mpaka vuli, halafu uilete mwenyewe hapa pampuni.

Mzee Kibwana, Pampuni