Mama Pini Aliyebonyeza Moja

Wasikilizaji wapendwa, leo kiti hiki cha studio hakikaliki. Tunamkumbuka Mama Pini, fundi cherehani, aliyefariki wiki iliyopita kwa saratani ya titi. Jina la Mama Pini alilipata kwa sababu alishona huku pini zimejaa mdomoni, na bado alikuwa na nafasi ya kukusema. Hata koti nililovaa hapa ni kazi yake. Aliniambia, "Wewe mtangazaji, sauti unayo, mabega huna," akanitilia sponji.

Alipoanza matibabu, hospitali ilimuunganisha na huduma ya simu. Kila asubuhi unaingia ujumbe: unajisikiaje leo? Kama mzima, bonyeza moja. Maumivu, mbili. Homa, tatu, saa yoyote ikikushika. Upande wa pili yuko nesi anayesoma majibu ya wagonjwa wote.

Mama Pini alibonyeza moja. Kila siku, moja. Ametapika mpaka kaishiwa nguvu, moja. Mumewe alipomuuliza, alijibu, "Mtu akikujulia hali, unamwambia salama. Mengine ni kumchosha." Si ndivyo tulivyolelewa, wasikilizaji? Tunakufa na tai shingoni. Na nesi kule aliona moja, akamshukuru Mungu, akapita kwa mgonjwa mwingine.

Sasa nisikilizeni. Siku chache baada ya kutundikiwa dripu ya dawa kali, mchana wa jua, mumewe aliingia chumba cha kushonea. Akamkuta mkewe amevaa sweta, anashona sare za shule. Mzee akatazama kitambaa. Mshono ulikuwa umekwenda kombo.

"Tangu nimuoe sijawahi kuona mshono wake umepinda," mzee aliniambia. "Nikajua mke wangu anaondoka."

Akamwambia, "Tema hizo pini, uweke kipimajoto." Kikasoma thelathini na tisa. Mzee akachukua simu. Mama Pini akamshika mkono.

"Baba watoto, niache nimalize shati hili. Utamsumbua nesi wa watu bure."

Wakavutana. Mke anatetemeka kwa homa, mume kang'ang'ania simu. Mzee akabonyeza tatu.

Hajaiweka hata mezani, simu ikaita. Alikuwa nesi. "Mzee, ile dawa imeshusha kinga yake. Homa hii haingoji. Msibadilishe hata nguo, njooni."

Teksi ikakwama kwenye foleni. Mama Pini akawa hajibu tena, hata kwa kukemea. Nesi hakukata simu. "Anapumua? Mtazame kifua. Niambie tena, anapumua?" Mzee alikuwa anajibu huku machozi yanamtoka. Walipofika, dripu ilikuwa tayari. Daktari alisema wangengoja jioni, wangemkosa.

Homa ile alipona. Alipona, akashona sare za mwaka uliofuata, na wodini akawa moto. Mgonjwa akijikausha, yeye alimwambia, "Mwenzangu, simu si mgeni wa kutandikiwa kitambaa kizuri. Iambie ukweli." Wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua. Saratani mwishowe ilimshinda, lakini hakudanganya tena.

Asubuhi baada ya mazishi, ujumbe uliingia kama kawaida. Hakuna aliyekumbuka kuondoa namba yake. Unajisikiaje leo? Mzee alikuwa amekaa mbele ya cherehani. Sebuleni watu wamejaa, na kila aliyempa pole alijibiwa, "Tumeshapoa." Akaichukua ile simu. Kisha akabonyeza mbili.

Nesi akapiga. Alikuwa ameshasikia habari za msiba, alijua mwenye simu hayupo. Akauliza taratibu, "Baba, maumivu yako wapi?"

Na mzee akamwambia.

Kwako mzee wetu, kwa watoto na wajukuu, poleni sana. Mimi mwenyewe koti hili leo linanibana. Mungu amlaze Mama Pini mahali pema. Na wewe unayenisikiliza, asubuhi ya leo kuna mtu alikujulia hali. Ulimjibu nini?