Hamduni Pazi, Fundi Aliyeunganisha Mashine Saba Zilizokufa

Ndugu Hamduni Twalib Pazi, fundi mkuu wa Kinu cha Kuchambua Pamba Nyamachiri, hapa Bunda, anastaafu tarehe 30 Juni 1996. Ametumikia miaka ishirini na tisa, na jalada lake linaonyesha siku mbili tu za ugonjwa. Zote mbili ni za kidole kimoja.

Alizaliwa Nyasho, Musoma, akajifunza ufundi kwa baba yake, mtengenezaji wa cherehani. Aliajiriwa mwaka 1967 kupaka grisi. Miaka minane baadaye alikuwa fundi mkuu, na injini ilimtii kuliko ilivyoitii menejimenti.

Ikaja miaka ya uhaba. Tuliomba spea Dar es Salaam, tukajibiwa kwa barua ya kutuhimiza uzalendo. Ndipo Hamduni akaanza kutembelea misiba ya mashine. Kiabakari alipata gurudumu la mashine ya kusaga ya marehemu Rafaeli. Butiama, kichwa cha trekta. Kitaji, pampu ya dizeli ya lori la marehemu Boniphace, lililokuwa likibeba majeneza ya watu mpaka likambeba na mwenyewe. Vyote alivirundika nyuma ya karakana. Wakati huo gari la sinema lilikuwa limetuonyesha picha ya daktari mzungu anayeshona maiti nyingi kuwa mtu mmoja, basi tukamwita Dokta. Hakukasirika. Alisema tu kwamba yule wa kwenye picha alikuwa na umeme wa uhakika.

Mwaka 1993 injini yetu ikafa kabisa, na barua ikafika: wakaguzi wanakuja Jumatano. Kinu kikifanya kazi kitatafutiwa mwekezaji. Kisipofanya kitauzwa chuma chakavu, na sisi wafanyakazi sitini na wawili twende kwetu.

Kwa siku tisa Dokta alishona. Jumanne mchana mashine saba zilizokufa zikawaka kama moja, ikatetemeka, ikapiga kelele, ikazima. Mara ya tano Mama Dorotea wa sehemu ya mbegu, mzaliwa wa Majita, akashindwa kuvumilia.

"Huyo analia jina, Dokta. Kwetu mtoto akiliaga hivyo anatajiwa majina ya wafu mpaka anyamazie lake."

"Mama, mimi fundi, si mkunga."

"Haya, kesho utakuwa mchimba kaburi!"

Tukawaita wafu. Kwa Rafaeli ikakohoa. Kwa Boniphace ikatoa moshi mweusi, tukarudi nyuma. Kisha mtu akamtaja marehemu Mzee Nathanieli, msimamizi wetu wa zamani, ambaye mnyororo wa baiskeli yake ndio uliozungusha pampu ya maji. Injini ikatulia, ikanguruma vizuri. Hamduni anashikilia mpaka leo kwamba dakika ileile alikuwa amekaza skrubu ya gavana, kile kidhibiti mwendo cha injini. Hatubishani naye.

Jumatano wakaguzi walishuhudia marobota tisa yakitoka. Wakaridhika, wakaomba izimwe waongee. Hapo Dokta akakuna kichwa. Miaka yote ya uhaba kila kitu kilikuwa kinazima chenyewe, kwa hiyo hakukumbuka kuiwekea kizimio. Alipojaribu kuibana bomba la dizeli, ikanyakua kofia ya mkaguzi mkuu na kuimeza. Mama Dorotea alisema Nathanieli hajawahi kuruhusu mtu kutoka kabla ya saa kumi. Ikazima saa kumi na dakika tano, dizeli ilipokwisha. Ripoti iliandikwa kwa kupigiana kelele masikioni: "Kinafanya kazi. Kupita kiasi."

Hatukuuzwa. Sitini na wawili tulibaki, tukasomesha watoto, na kizimio kikawekwa mwezi uliofuata.

Sasa Ndugu Hamduni anarudi Nyasho kwa mkewe, Bi. Mwanaupe, aliyekwisha kutoa tangazo kwamba mashine iliyokufa haitavuka kizingiti chake.

Asante, Dokta, kwa mikono yako na kidole chako. Mungu akupe afya na usingizi wa kutosha. Na siku ukipita Bunda ukasikia kinu kiko kimya, usishuke na spana. Tutakuwa tumekwenda kula.